Apu gani ya noti za Markdown nishike, laptopu ya Windows na simu ya Android?

kalamu_kavu
Habari zenu wakuu. Natafuta apu ya kuandikia noti, mambo yangu ya kawaida tu, noti za darasani, orodha za kazi na rasimu za makala ambazo baadaye nazipandisha kwenye blogu. Markdown, ule uandishi wa kupanga maandishi kwa alama, nimeshaizoea, # kwa kichwa cha habari, nyota mbili kukoleza neno, basi. Nataka nikianzia kwenye simu nimalizie kwenye laptopu. Kuna apu nilikuwa natumia, siku nataka kuhama noti zikatoka vurugu tupu, picha huku maandishi kule, sitaki tena hiyo hali. Obsidian, Joplin, Notion, Typora zote nasikia zinasifiwa, nishike ipi?

tunza_faili
Mkuu kabla hujaangalia sura ya apu jiulize noti zenyewe zinakaa wapi, hapo ndo pana kila kitu. Markdown John Gruber aliitoa 2004 akitaka maandishi yasomeke hata kabla hayajageuzwa kuwa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, kwa hiyo faili la .md ni maandishi matupu, hata Notepad inalifungua. Obsidian unaionyesha folda yako na kila noti inakuwa faili lake la .md humo humo, ukiiondoa apu folda inabaki palepale. Joplin nayo unaandika Markdown vilevile ila noti zinaingia kwenye hifadhidata ya SQLite, yaani mpaka uzitoe ndo unapata mafaili. Siisemi vibaya, ni chanzo huria, inasawazisha kupitia Dropbox, OneDrive au Nextcloud, na ukiwasha usimbaji noti zinafungwa kabla hazijatoka kwenye kifaa chako, kama una mambo ya siri ningekwambia chukua hiyo. Notion vitu vyako vinakaa kwenye seva zao, zile alama ukiziandika zinageuka hapohapo kuwa muundo wao, kuzitoa kwa Markdown inawezekana ila majedwali yao makubwa yanatoka CSV, yaani faili la data tupu zilizotenganishwa kwa koma. Kwa ulivyojieleza, Obsidian.

sina_makuu
Mi napingana kidogo hapo juu. Obsidian ni nzuri lakini mtu anaanza kuchagua mandhari, anapakia vijiprogramu vya nyongeza, jioni inafika hajaandika hata mstari. Kwa noti za darasani na orodha za kazi Markor kwenye simu inatosha kabisa, ni chanzo huria na inafungua mafaili yaleyale ya .md, kwenye laptopu tumia VS Code, kihariri cha maandishi na kodi, bonyeza Ctrl+Shift+V unaona ukurasa utakavyotokea. Typora kwa kuandika makala marefu ni tamu mno, alama zinapotea unaona maandishi yaliyokaa vizuri, ila tangu toleo la 1.0 mwaka 2021 ni ya kulipia na ya simu haipo, kwako haifai.

kalamu_kavu
Asanteni sana, hiyo ya folda imenifungua macho. Sasa nikichukua Obsidian, zile picha kwenye makala zitasomeka nikipeleka kwenye blogu? Na kusawazisha bila kulipia inakuwaje?

tunza_faili
Picha ndo penyewe pa kuangalia. Ukidondosha picha Obsidian inaandika ![[picha.png]] na hiyo siyo Markdown ya kawaida, blogu nyingi zitaiacha kama ilivyo, msomaji anaona mabano tu. Ingia kwenye mipangilio sehemu ya mafaili na viungo, zima Wikilinks, itaanza kuandika ![](picha.png) ambayo inaeleweka kwingi. Fanya hivyo kabla hujaandika noti ya kwanza maana za zamani hazijirekebishi zenyewe. Kusawazisha, huduma yao ni ya kulipia ila siyo lazima, folda ni yako, tumia Syncthing, programu ya bure inayosawazisha folda moja kwa moja kati ya vifaa vyako. Apu yake rasmi ya Android ilisimamishwa mwishoni mwa 2024, watu tunatumia Syncthing-Fork, toleo lake linaloendelezwa na watu wengine. Vifaa vyote viwili viwe vimewashwa kwa wakati mmoja, na usihariri noti moja pande zote mbili kabla havijakutana, ukifanya hivyo utakuta faili la pili lenye sync-conflict kwenye jina, usilifute haraka, lifungue kwanza uone kipi kimo humo.

sina_makuu
Na kabla hujahamisha vyote chukua noti moja yenye jedwali, picha na kiungo, iandike kwenye simu, subiri ifike kwenye laptopu uifungue kwa Notepad. Ukiweza kuisoma yote, endelea na zilizobaki.