Mjadala: Romeo na Juliet, mapenzi ndiyo yaliyowaua au wazee wao?

Mleta mada
Wakuu, nimechoka kusikia tamthilia hii ya Shakespeare ikitajwa harusini kana kwamba ni mfano wa ndoa njema. Hebu tuhesabu maiti: Mercutio rafiki yake Romeo, Tybalt binamu yake Juliet, Paris mchumba aliyemtaka Juliet, mama yake Romeo aliyekufa kwa majonzi, kisha wao wawili. Sita, kati ya Jumapili na alfajiri ya Alhamisi! Wengi wanalaumu uhasama wa ukoo wa Montague, wa kina Romeo, na wa Capulet, wa kina Juliet. Nakataa. Uhasama ulikuwa wa siku nyingi na mji wao wa Verona uliuzoea. Kilichoingia wiki ile ni mapenzi. Jumapili asubuhi Romeo anamlilia Rosaline, msichana asiyemtaka. Usiku kamwona Juliet, Rosaline kasahaulika. Jumatatu mchana wamefunga ndoa. Haijapita muda kamuua Tybalt, tena shemeji yake. Nipingeni.

Mwalimu wa Fasihi
Nakupinga, ndugu. Umemruka baba mtu. Juliet hajatimiza hata miaka 14, na mwanzoni mzee Capulet mwenyewe anamwambia Paris asubiri miaka miwili. Siku chache baadaye anapanga harusi iwe Alhamisi, halafu anairudisha nyuma iwe Jumatano, bila kumuuliza binti. Juliet alipokataa, aliambiwa akaombe, akafe njaa barabarani. Sasa hapo mwenye pupa ni nani? Shairi la Arthur Brooke la 1562, ambalo Shakespeare alilitumia, linawapa wapenzi hawa miezi. Yeye akaibana hadithi ikawa siku chache, na pupa hiyo iliwapata watu wazima pia.

Mpita Njia
Na tauni je? Padri Laurence, aliyewafungisha ndoa, alituma barua Mantua, mji alikofukuziwa Romeo baada ya kuua, kumweleza kwamba Juliet hajafa, amelala tu kwa dawa ya saa 42 ili aikwepe harusi ya Paris. Padri John aliyeibeba akafungiwa ndani ya nyumba, wakaguzi wa mji wakihofia ina ugonjwa. Barua ikarudi ilikotoka. Ingefika, leo tusingebishana.

Mama Watatu
Mimi wa kulaumu ni yaya wa Juliet. Amemnyonyesha yule mtoto, amepeleka ujumbe kwa Romeo, amefanya mpango wa ngazi ya kamba usiku wa ndoa. Mambo yalipochacha akamwambia Juliet aolewe tu na Paris, maana ni mume bora kuliko wa kwanza. Mama mzazi ameshamkatalia, baba amefoka, yaya naye kageuka. Msichana wa umri ule aende kwa nani? Akakimbilia chupa ya padri.

Mleta mada
Mama, kwa yaya umenibana, sina jibu. Ila Mpita Njia, barua isipofika mtu hungoja kwanza. Romeo aliposikia Juliet amekufa hakungoja hata siku moja, alikwenda kununua sumu kwa dukati 40, sarafu za dhahabu. Na mnieleze kuhusu Paris: si Montague, si Capulet, alileta maua kaburini. Aliuawa na uhasama gani?

Mwalimu wa Fasihi
Romeo alimsihi aondoke, soma tena onyesho la mwisho. Paris akang'ang'ania kumkamata, kwa sababu kwake yule alikuwa Montague aliyekuja kunajisi kaburi la akina Capulet.

Mleta mada
Alimsihi, ndiyo. Kisha akamuua, ndipo akatazama uso kujua ni nani.