Mafundi wanaobadilisha raki ya usukani bila kutafuta mchezo ulipo wanatuweka hatarini

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Gari langu ni Toyota Altezza RS200, lile la injini ya 3S-GE na gia sita za mkono. Wengi wenu mnalifahamu: Altezza ilitoka mwaka 1998, ikatwaa tuzo ya gari bora la mwaka nchini Japani, na ilipofika 2005 uzalishaji ukakoma. Kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imeshavuka miaka 20, na mtu yeyote anayejiita fundi anapaswa kujua kwamba gari la umri huo lina raba zilizochoka na viungo vilivyolika, tena si mahali pamoja tu.

Usukani wangu ulikuwa umelegea, yaani ulikuwa na mchezo. Nikiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, nilikuwa nauzungusha upana wa vidole viwili hivi kabla gari halijaitika, na nikikanyaga breki gari lilikuwa linahama upande wa kushoto kana kwamba linavutwa. Nikalipeleka kwenye gereji moja hapa Dar es Salaam, nikaeleza dalili zote mbili kwa utaratibu. Fundi alishika usukani, akautikisa mara moja akiwa amesimama nje ya mlango, akatamka: "Raki imekufa," akimaanisha ule mtambo wa meno unaogeuza mzunguko wa usukani kuwa msogeo wa magurudumu kushoto na kulia. Hakuingia chini ya gari wala hakupiga jeki, na hakumwita msaidizi amshikie usukani. Nilipouliza amejuaje, nikajibiwa kwamba Altezza zote ndivyo zilivyo.

Raki ya mtumba ikanunuliwa kwa fedha yangu, ikafungwa, na gari likarudi barabarani likiwa na ulegevu uleule. Baadaye fundi mwingine, mzee asiye na bango wala ofisi, alilikagua mbele ya macho yangu na kunionyesha makosa mawili: krosi (kiungo kinachojipinda) ya shafti inayounganisha usukani na raki ilikuwa imelika, na boljointi ya chini ya gurudumu la kushoto, yaani kiungo cha duara kinacholishikilia gurudumu kwenye mkono wa chuma ulio chini yake, ilikuwa inacheza ndani ya kikombe chake. Raki haikuhusika na lolote kati ya hayo. Kinachoniumiza zaidi ya fedha ni kwamba boljointi ya chini katika gari hili ndiyo inayobeba uzito, kwa sababu springi imekaa juu ya mkono wa chini. Ikichomoka, gurudumu linalala na gari linaangukia pembeni, na dereva hana tena usukani wa kushika. Gereji ile ilipokea malipo, ikaniruhusu niipakie familia yangu, na hakuna aliyekuwa amegusa kiungo hicho.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine ya gharama. Gari linabaki chini, likiwa limesimama kwa matairi yake, injini inawashwa ili haidroli isaidie, kisha mtu mmoja anazungusha usukani kidogo kushoto na kulia, taratibu, bila kufika mbali, wakati mwenzake yuko chini akishika kiungo kimoja baada ya kingine. Anaanzia juu, kwenye krosi ya shafti: kama upande wa usukani unazunguka na upande wa raki umetulia, jibu limeshapatikana na hakuna haja ya kwenda dukani kununua raki. Anashuka hadi kwenye bushi, zile raba zinazoishikilia raki kwenye kiunzi, kwa sababu raki nzima inaweza kuwa inateleza kushoto na kulia huku meno yake yakiwa mazima. Halafu anabana raba ya mkunjo kwa vidole ili asikie kama raki endi iliyo ndani, kiungo cha ncha ya raki, inagonga, na mwisho anashika tairodi endi, kiungo cha nje kinacholigeuza gurudumu. Vitabu vya ukarabati vya Toyota nyingi za kizazi hicho vinataja milimita 30 kwenye duara la usukani kuwa kikomo cha juu cha mchezo unaokubalika. Hicho ni kipimo cha rula ya mwanafunzi wa shule ya msingi, na bado hakuna gereji niliyoona ikiweka rula pale.

Baada ya hapo ndipo jeki inapigwa. Gurudumu likishikwa kushoto na kulia na likacheza, mashaka yanaelekea kwenye tairodi na raki endi; likishikwa juu na chini, mashaka yanaelekea kwenye boljointi au beringi. Mwenzako akikanyaga breki na mchezo ukapotea, tatizo ni beringi. Ukibaki, ni boljointi. Jambo ambalo mafundi wengi hawalizingatii ni mahali pa kuweka jeki. Ukiinua Altezza kwa kiunzi na kuacha gurudumu lining'inie, boljointi ya chini inabaki imebanwa na nguvu ya springi na inaweza kuonekana nzima kabisa. Jeki inatakiwa iwekwe chini ya mkono wa chini wenyewe, ili springi ibanwe na kiungo kipate nafasi ya kuonyesha ugonjwa wake. Yule mzee alifanya hivyo, na mchezo ukaonekana kwa macho.

Sasa nizungumzie hiyo raki ya mtumba. Imetoka kwenye gari la rika moja na langu, na hakuna aliyeipima. Meno ya raki hulika zaidi katikati, kwa sababu muda mwingi gari linakwenda mbele moja kwa moja, na hivyo raki mbovu hucheza katikati na kubana pembeni. Wapo wanaotatua hilo kwa kukaza ile nati ya kurekebishia iliyo mgongoni mwa raki. Kwa wiki chache mwenye gari anafurahi, lakini akikata kona kali usukani unakuwa mzito na haurudi wenyewe katikati, hali ambayo kwa maoni yangu ni hatari kuliko ule ulegevu wa mwanzo.

Kazi yenyewe ya kufunga nayo ilifanywa vibaya. Shafti inapotenganishwa na raki, usukani ni lazima ufungwe usizunguke, kwa kuwa nyuma yake kuna kebo ya utepe iliyojiviringisha, inayopeleka umeme wa honi na wa mfuko wa hewa, na ukizunguka kupita kiasi kebo hiyo hukatika. Yangu ilikatika. Honi ilikufa na taa ya mfuko wa hewa ikawaka, nikaambiwa eti lilikuja hivyohivyo. Usukani ulipoonekana umekaa upande, waliung'oa na kuurudisha jino moja pembeni, wakati njia sahihi ni kurekebisha tairodi za pande zote mbili kwa kiasi sawa. Na kwenye chupa ya haidroli walimimina oili ambayo hakuna aliyeweza kunitajia jina lake, ilhali mfumo wa Toyota za wakati ule unatumia oili ya gia za otomatiki ya aina ya Dexron, tena maelezo yake yamo kwenye kitabu cha gari.

Wakati huohuo walinilipisha alaimenti. Ningependa kila mwenye gereji anijibu: unapimaje pembe za gurudumu ambalo boljointi yake inacheza? Namba ulizozipata gari likiwa limesimama zinabadilika mara tu linapopita kwenye tuta la kwanza. Alaimenti ni kazi ya mwisho, baada ya viungo vyote kuwa imara.

Kuna watu watasema hapa kwamba huenda ni matairi, na ninakubali kwamba gari la aina hii likivaa matairi mapana na mafupi kama 215/45 R17 hufuata mifereji iliyochimbwa na malori barabarani. Vilevile Altezza nyingi zinafika kutoka Japani zikiwa zimeshushwa kwa springi fupi, jambo linalobadilisha pembe ya tairodi kiasi kwamba kila shimo linayageuza magurudumu kidogo. Lakini hayo mawili yanatofautishwa kirahisi na ulegevu wa viungo: gari likiwa limesimama, usukani wa gari lililoshushwa hauchezi, na wangu ulicheza.

Nimelazimika kununua boljointi mpya kwa pande zote mbili, pamoja na bushi za mikono ya chini, ambazo nazo zilikuwa zimepasuka. Hata hapo nilisimama juu ya kazi mwenyewe, kwa sababu bolti za bushi za mkono hukazwa mwisho gari likiwa chini kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, raba inakaa imejisokota muda wote na inachanika mapema. Nati za boljointi zimefungwa kwa pini mpya. Krosi ya shafti haikutengenezwa kwa kuchomelewa, kama fundi mmoja alivyopendekeza. Nimenunua shafti nzima, kwa sababu siwezi kukabidhi maisha yangu kwa weldingi kwenye kiungo cha usukani. Gari sasa linakwenda sawa na breki hazilihamishi, likiwa bado na ile raki ambayo sikuihitaji.

Gereji iliyonihudumia nimeipelekea madai matatu. Irudishe gharama ya raki na ya ufundi, kwa sababu iliuza tiba ya ugonjwa ambao haikuupima. Igharimie kebo ya nyuma ya usukani. Na inirudishie raki yangu ya awali, ambayo nilipoiulizia niliambiwa imeshatupwa, ilhali sote tunajua kwamba raki nzima ya Altezza haitupwi bali inauzwa kwa mteja anayefuata, naye ataambiwa yake imekufa. Hadi ninapoandika hapa sijajibiwa.

Ninawaomba mliopitia hali kama hii muandike chini ya uzi huu dalili mlizokuwa nazo, kifaa mlichouziwa, na kosa lililopatikana baadaye. Mafundi mliomo humu nanyi nawakaribisha mjibu: kwa nini mteja haonyeshwi kiungo kinachocheza kabla ya kuagizwa kutoa fedha ya spea, na kwa nini kifaa cha zamani hakirudishwi kwa mwenye gari? Pia kama yupo anayefahamu gereji hapa Dar es Salaam yenye kifaa cha kukamulia boljointi bila kuzipiga nyundo, na inayompa mteja karatasi ya vipimo vya alaimenti vya kabla na baada, aitaje, maana mkono wa juu wa kulia bado unahitaji bushi na sitaki tena kubahatisha.