Bunduki moja, aina nne za risasi: darubini isawazishwe kwa ipi?

Msasi wa Makunduchi

Assalaam alaykum, wanabaraza. Nimerudi nyumbani kwa likizo kabla ya Mwaka Kogwa, na hapa barazani nimetandaza karatasi nne za shabaha nilizozibeba kutoka Bara, kila moja nimeikandamiza kwa kokoto ili kusi isiipeperushe. Bunduki yenyewe imeandikishwa huko ninakofanyia kazi na haivuki bahari. Ni ya kukoki kwa mkono, ya kipimo cha risasi cha .308, yenye darubini ya kukuza mara tatu hadi tisa, na leseni yangu ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania, ni ya swala pala.

Nieleze kwanza kilichonifikisha hapa. Msimu uliopita niliisawazisha darubini, yaani niliirekebisha ilenge pale risasi inapopiga, kwa risasi za bei nafuu za greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), nikaridhika, kisha siku ya kuingia porini nikajaza risasi za greni 180 nilizopewa na rafiki, kwa kudhani kwamba risasi nzito haiwezi kuwa na dhara. Swala alisimama ubavu, mita 160 kwa makadirio yangu, nikalenga nyuma ya bega, nikapiga Bismillah na kufyatua, na risasi ikamvunja mguu wa mbele. Tulifuata damu kwa muda wa saa mbili na nusu. Tulipomkuta alikuwa amekwisha kufa, na kwa kuwa alikuwa ametupotea machoni muda wote huo niliingiwa na shaka, nikaiacha nyama.

Mwezi uliopita nikaenda uwanja wa shabaha na aina nne, risasi tano kwa kila aina, mita 100, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, na darubini sikuigusa hata kidogo baina ya aina moja na nyingine. Za greni 150 za ncha laini, zile za bei nafuu, ziliingia katika upana wa sentimita 5.5, kitovu chake kikiwa sentimita 3 juu ya alama, kama nilivyokuwa nimezitega. Za greni 165, ncha laini, zilikusanyika ndani ya sentimita 3, kitovu kikiwa sentimita 1 juu na 2 kulia. Za shaba tupu za greni 150 zilikuwa ndani ya sentimita 3.5, karibu kabisa na zile za 165. Za greni 180 zilitapakaa kwa sentimita 6, na kitovu chake kilikuwa sentimita 5 chini ya alama na 3 kushoto.

Naomba rai zenu: nishike ipi, na kwa nini hizi za 180 zimekwenda zake?

Mzee wa Mtoni

Waalaykum salaam, mwanangu. Nimefundisha shabaha kikosini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kosa ulilolifanya nimeliona kwa watu wenye vyeo.

Kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka, cha greni 150 kina uzito wa gramu 9.7 na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 860 hivi kwa sekunde. Cha greni 180 kina gramu 11.7 na hutoka kwa mita 800 hivi. Kile kizito huchelewa kufika, kwa hiyo huanguka zaidi njiani, lakini hilo peke yake halitoshi kueleza tofauti ya sentimita 8 kwenye mita 100, kwa sababu anguko la ziada kwa umbali huo halizidi sana sentimita moja. Sehemu kubwa ya tofauti inatokana na mtutu wenyewe. Mtutu hutikisika kama ufito pale baruti inapowaka, na kila aina ya risasi humkuta mtikisiko huo mahali pengine wakati kichwa kinapotoka mdomoni. Ndiyo maana risasi nzito wakati mwingine hupiga juu ya nyepesi, na wakati mwingine huenda upande, jambo ambalo hakuna jedwali litakalokwambia. Ni bunduki yako tu itakayokwambia, juu ya karatasi.

Sasa pima msiba wako. Sentimita 8 kwenye mita 100 huwa karibu 13 kwenye mita 160, na ukiongeza anguko la ziada unafika 14. Swala pala ukimlenga katikati ya sehemu ya moyo na mapafu huna nafasi ya sentimita 14 kwenda chini. Ulilenga sawa, mwanangu. Darubini ndiyo iliyokuwa ikizungumzia risasi nyingine.

Nina maswali mawili kabla sijasema lolote kuhusu kutapakaa. Ulianza na aina ipi, na mtutu ulikuwa umepakwa mafuta?

Msasi wa Makunduchi

Shikamoo, Mzee. Nilianza na hizo hizo za 180, na mtutu ulikuwa umetoka kusafishwa usiku wake, na mafuta nilipaka kwa sababu nimezoea chumvi ya huku kwetu. Sikupangusa.

Mzee wa Mtoni

Marahaba. Basi karatasi ya 180 usiihukumu. Risasi ya kwanza, na pengine ya pili, kutoka katika mtutu wenye mafuta haiendi pamoja na wenzake. Itazame karatasi uone kama kuna tundu moja lililojitenga.

Msasi wa Makunduchi

Lipo. Liko juu kushoto, peke yake kabisa, kama mgeni asiyealikwa. Nikiliondoa, manne yaliyobaki yamo ndani ya sentimita 4, ila kitovu kinazidi kushuka.

Bin Wete

Salamu kutoka Pemba. Mimi nina maoni tofauti kidogo na naomba nisieleweke kwamba nabishana na Mzee. Kwanza, risasi tano kwa kila aina ni gharama kubwa, na tatu zinatosha kumwonyesha mtu njia. Pili, si kila mtu ana uwanja wa mita 100. Nilipokuwa nikifanya kazi Bara tulisawazisha kwenye mita 25 tu, na tulikula nyama. Kwa mantiki hiyo, bwana Msasi angebaki na zile za bei nafuu, kwa kuwa darubini yake imekwisha kusawazishwa nazo, na sentimita 5.5 kwa mita 100 si kitu kwa mnyama mwenye kifua kipana.

Mzee wa Mtoni

Bin Wete, mita 25 ni mahali pa kuanzia, na mimi pia huanzia hapo ili nisipoteze risasi kwa kukosa karatasi nzima. Kila mlio mmoja wa kifundo cha kurekebishia kwenye darubini nyingi husogeza shabaha milimita 7 kwenye mita 100, lakini kwenye mita 25 husogeza chini ya milimita 2, kwa hiyo lazima mtu akumbuke kuzungusha mara nne zaidi. Tena kwa kuwa darubini imekaa kama sentimita 4 juu ya mtutu, bunduki ya .308 inayopiga alama kwenye mita 25 itakuwa imepanda sentimita 6 hivi inapofika mita 100. Hilo mwindaji anaweza kuishi nalo. Asichoweza kuishi nacho ni kwamba ile tofauti ya sentimita 8 baina ya risasi zake mbili, kwenye mita 25 ingeonekana ni sentimita 2 tu, naye angesema mkono wake ulitetereka. Mita 25 ingemficha kosa lile lile lililompotezea swala.

Kuhusu tatu au tano: risasi tatu zinaweza kugusana kwa bahati tu. Nimeona matundu matatu yaliyofunikwa na sarafu moja, na mtu akaenda nyumbani akijisifu, na kesho yake bunduki ile ile ikatawanya kwa kiganja kizima. Kama pesa ni tatizo, punguza aina unazojaribu, usipunguze idadi ya risasi kwa aina. Na baina ya kundi na kundi, uache mtutu upoe hadi uweze kuushika bila kuondoa mkono.

Mchinjaji wa Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum. Mimi bunduki siijui, lakini nyama naijua, na nimewahi kuletewa mizoga ya mwituni na jamaa walioko Bara nikiwa kazini huko. Mnazungumza karatasi tu. Na bega la mnyama je? Risasi nyepesi yenye kasi kubwa ikigonga mfupa kwa karibu hupasuka, na nyama ya bega zima hugeuka damu iliyoganda kama halwa iliyoungua. Nimewahi kukata na kutupa mpaka aliyeileta akaona haya. Tena katika nyama ile hubaki chembe za madini ya risasi ambazo jicho halizioni, na mwenye watoto wadogo nyumbani hapaswi kulidharau hilo. Hizo za shaba tupu, kwa nilizoziona, kichwa hufunguka kama ua na kutoka kikiwa kizima, na nyama ya kutupa huwa kidogo.

Na la kuwahi kuchinja lisisahauliwe. Mnyama aliyepigwa mahali pake huanguka karibu, ukamkuta bado ana uhai ukamchinja, moyo ukatulia.

Kijana wa Chukwani

Maalim zangu, je, haya mnayoyasema yanafaa pia kwa paa wa hapa kwetu kusini mwa Unguja?

Mwana wa Pete

Hapana, ndugu yangu, na tusifungue mlango huo. Paa nunga ni mnyama adimu ambaye ukitoka Unguja utamkuta katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu, naye analindwa. Isitoshe, bunduki ya .308 katika vichaka vya mawe vya huku, ambako huoni mita 20 mbele na nyuma ya kichaka kuna mtu anayekata kuni, ni maafa. Tuendelee na swala wa Bara.

Mzee wa Mtoni

Ahsante kwa hilo, Mwana wa Pete.

Nimalizie rai yangu kwa Msasi. Za shaba ni nzuri kama alivyosema Mchinjaji, ila zina sharti: shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito ule ule huwa kirefu zaidi, na si kila mtutu unakizungusha vya kutosha ili kiruke sawa. Wako umezipokea vizuri. Kama unazipata kwa urahisi, chukua hizo. Kama hazipatikani msimu wote, chukua za 165, ambazo bunduki yako imezipenda kuliko zote, na usizichanganye na kitu chochote. Isawazishe ipige sentimita 4 juu kwenye mita 100. Kwenye mita 200 itakuwa imeshuka sentimita 5 au 6 chini ya alama, na baina ya hapo huna haja ya kukisia. Pepo za kusi usizipuuze: upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa husogeza risasi hiyo karibu sentimita 2 kwenye mita 100, na karibu mara nne ya hapo kwenye mita 200.

Kabla ya yote hayo, kaza skurubu za darubini.

Msasi wa Makunduchi

Nimerejea Bara na nimefanya kama nilivyoelekezwa, kwa hiyo natoa taarifa. Skurubu moja ya nyuma ilikuwa imelegea robo mzunguko, nami sikuwa nimeigusa tangu niinunue. Nilipangusa mtutu, nikapiga mbili za kuuzoesha bila kuzihesabu, kisha nikaanza. Za shaba duka lilikuwa nazo kisanduku kimoja tu, hivyo nimechukua za 165. Zimeingia tano ndani ya sentimita 2.8, na baada ya milio kadhaa ya kupandisha na ya kurudisha kushoto, kitovu kimekaa sentimita 4 juu, katikati.

Zile za 180 nilizijaribu tena, mtutu ukiwa mkavu: sentimita 3.8, safi kabisa, lakini bado zilipiga chini kushoto kwa sentimita 9 kuliko za 165. Nimezirudisha kwa mwenyewe.

Nimenunua visanduku vitano vya 165 vyenye namba moja ya toleo, na katika ubao wa ndani wa sanduku la bunduki nimebandika karatasi ile ya shabaha, matundu yake matano yakiwa yamezungushiwa kalamu nyekundu. Kwa Bin Wete: zile za bei nafuu zimebaki 14, nazo nitazimaliza kwenye mita 25.