Quest 3 bila waya kwenye laptopu: picha inajaa vijiboksi na kuganda. Tatizo ni bando au ruta?

GobaGemu

Habari za jioni wakuu. Nina Quest 3 (miwani ya VR ya Meta) na laptopu yenye kadi ya picha ya RTX 3060 ya GB 6, RAM GB 16, Windows 11. Nataka kucheza gemu za Steam bila waya, hasa Half-Life: Alyx na Assetto Corsa. Virtual Desktop (programu ya kurusha picha ya kompyuta hadi kwenye miwani) nimeinunua duka la Meta, na Streamer yake, ile sehemu inayotuma, nimeiweka kwenye laptopu. Vinaonana vizuri.

Dakika mbili za kwanza picha iko safi. Baada ya hapo nikigeuza shingo haraka inajaa vijiboksi, inaganda nusu sekunde, sauti inakwaruza, halafu inarudi. Ruta ni ile ya mtoa huduma, ipo sebuleni. Nachezea chumbani, katikati kuna ukuta mmoja wa tofali za saruji. Laptopu na miwani vyote viko kwenye Wi-Fi ya GHz 5 ya ruta hiyo. Kifurushi ni Mbps 20.

Nipandishe kifurushi? Na je, kucheza hivi kunakula bando? Au ninunue ruta nyingine?

---

WayaNane

Kifurushi kiache kama kilivyo mkuu, hakihusiki. Picha inatengenezwa na laptopu, inabanwa, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye miwani. Safari yote inaishia ndani ya nyumba yako. Bando linaliwa unaposhusha gemu (Alyx peke yake ni zaidi ya GB 60), masasisho, na kuingia kwenye akaunti.

Kinachokusumbua ni hewa. Kwenye chaneli moja ya Wi-Fi anaongea mmoja tu kwa wakati, wengine wanasubiri zamu. Laptopu yako ikiwa kwenye Wi-Fi, kila kipande cha picha kinapita hewani mara mbili: laptopu kwenda ruta, kisha ruta kwenda miwani. Umekata uwezo nusu na kuongeza kusubiri, na bado kuna ukuta wa saruji ambao GHz 5 haiupendi hata kidogo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela: laptopu iingie kwenye ruta kwa waya, Wi-Fi ya laptopu izimwe, na uchezee chumba ilipo ruta. Kisha fungua Settings za Windows, Network & internet, Ethernet, utafute mstari wa Link speed. Unataka kuona 1000/1000. Ukiona 100/100, rudi hapa kabla hujaendelea, maana hapo ndipo wengi wanapotea.

---

Mnyonge_wa_FPS

Ruta ya nini? Windows ina Mobile hotspot. Iwashe, chagua 5 GHz, unganisha miwani moja kwa moja na laptopu. Bure kabisa.

---

WayaNane

@Mnyonge_wa_FPS inafanya kazi, lakini kwa masharti. Kadi ya Wi-Fi ya laptopu ikiwa inapokea intaneti kutoka ruta ya nyumba na papo hapo inahudumia miwani, inafanya kazi mbili kwa antena zilezile. Windows nayo kila baada ya muda inapekua mitandao iliyo jirani, na kila inapopekua utaona mruko kwenye picha. Ndiyo maana mtu anasema "inakwama kila baada ya muda fulani, kama saa". Hotspoti inakubalika kama laptopu inapata intaneti kwa waya na kadi ya Wi-Fi imeachiwa miwani tu. Hata hivyo antena za laptopu ni ndogo, na ukisimama mgongo ukiwa kati yake na miwani utaona tofauti.

---

GobaGemu

Asante mkuu. Nimechukua waya wa mita 5 dukani, nimehamia sebuleni. Vijiboksi vimepungua ila bado vipo. Na kweli, Link speed inasoma 100/100. Nyuma ya ruta kuna LAN1 mpaka LAN4. LAN1 imeandikwa GE, nyingine FE. Nilichomeka LAN3.

---

WayaNane

Basi umeshajijibu nusu. GE ni tundu la gigabiti, FE ni la Mbps 100. Ruta nyingi za faiba zina GE moja na FE tatu, na fundi akija anachomeka popote. Hamia LAN1.

Mbps 100 inaua picha hivi: tundu la namna hiyo, ukitoa mizigo ya itifaki, linapitisha kama Mbps 94 hivi. Virtual Desktop ukiiwekea bitrate (data ya picha kwa sekunde) ya Mbps 120, inamwaga 120. Kilichozidi kinapanga foleni. Washa performance overlay (vipimo vinavyoonekana juu ya picha) kwenye kichupo cha Streaming cha Virtual Desktop uangalie mstari wa Networking, yaani muda wa picha kupita kwenye mtandao: katika hali nzuri unakaa kati ya ms 4 na 8. Foleni ikianza utauona unapanda 20, 50, 100, na hapo ndipo picha inapovunjika. Ukigeuza shingo kila kitu kwenye picha kinabadilika kwa mkupuo, data inaongezeka ghafla, kwa hiyo foleni inatokea wakati huo huo. Ukikaa kimya unatazama ukuta, picha safi. Dalili yako ndiyo hiyo.

Ukihamia LAN1 na bado inasoma 100/100, shika ncha ya waya, itazame kwenye mwanga. Ile plastiki ni angavu, hesabu nyaya ndani. Gigabiti inahitaji zote nane. Mbps 100 inatumia nne tu, namba 1, 2, 3 na 6, hivyo waya uliobanwa na fundi mwenye haraka ukiwa na nyaya nne utawaka taa na intaneti itafika, usijue kama kuna kasoro. Mpangilio wa kawaida, ukitazama upande wenye vipande vya shaba, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Bluu au kahawia ikiwa haipo au haikufika mwisho, umempata mwizi. Cat5e inatosha, usiuziwe Cat8 kwa mita 5.

Na kama laptopu haina tundu la waya, adapta ya USB iwe ya USB 3 na iandikwe 1000. Zile za bei ya chini kabisa nyingi ni 10/100.

---

Antena_Mbili

Niongezee kuhusu ruta, kwa sababu hata baada ya waya ruta ya mtoa huduma inahudumia simu na TV za nyumba nzima. Suluhisho zuri ni ruta ya pili kwa ajili ya miwani tu. Si lazima iwe ghali.

Usidanganywe na namba kubwa kwenye boksi. AC1200 ni jumla ya 300 ya GHz 2.4 na 867 ya GHz 5. AX1800 ni 574 na 1201. Miwani inatumia upande mmoja tu, wa GHz 5. Soma mstari wa matundu: lazima iwe 10/100/1000. TP-Link Archer C50 na Archer C6 zote ni AC1200, ila C50 ina matundu ya 10/100 na C6 ina gigabiti. Kwa kazi hii C50 haifai hata bure. Ukipata ya Wi-Fi 6 ya AX1500 kwenda juu yenye gigabiti, umemaliza.

Kuiweka:

Ingia kwenye mipangilio ya ruta mpya, chagua Access Point mode (AP mode), ambapo inatoa Wi-Fi tu na kazi nyingine za ruta inaiachia ya mtoa huduma. Waya mmoja utoke LAN1 (GE) ya ruta ya mtoa huduma hadi ruta mpya, waya wa pili utoke ruta mpya hadi laptopu. Kwenye AP mode vyote vinakaa mtandao mmoja, hakuna cha kubishana kuhusu anwani.

Zima Smart Connect (inayoweka GHz 2.4 na GHz 5 chini ya jina moja), kisha GHz 5 ipe jina lake, mfano VR-5. Miwani iunganishe na jina hilo tu, na kwenye miwani ufute mitandao mingine kwa Forget, la sivyo utaikuta imerudi GHz 2.4 bila kukuambia.

Upana wa chaneli weka 80 MHz, chaneli 36 au 149, usiache Auto. Wengi wanakimbilia 160 MHz. Kwenye GHz 5, upana wa 160 lazima uguse chaneli za rada kuanzia 52, na ruta ikihisi rada inatakiwa kuhama papo hapo. Wewe utaona gemu imekatika katikati bila sababu. 80 MHz inakupa Mbps 1200 za Wi-Fi 6 au 866 za Wi-Fi 5, wakati picha yenyewe inahitaji 150 hadi 200. GHz 6 ni safi zaidi na Quest 3 inaikubali, ila inataka ruta ya Wi-Fi 6E au mpya zaidi, na haipenyi ukuta vizuri.

Ruta ikae juu, usawa wa kichwa au zaidi, chumba kilekile, mita 2 hadi 4 kutoka unaposimama. Si nyuma ya TV, wala ndani ya kabati. Miwani isiwekwe kwenye mtandao wa Guest, wala AP Isolation (inayotenga vifaa visionane) isiwashwe: vyote viwili vinazuia miwani isiione laptopu, na Streamer itasema tu haipati kitu. Ikishindikana hata hapo, kagua Windows: mtandao uwe Private, na Streamer iruhusiwe kwenye firewall.

---

KadiNaJoto

Mtandao ukishatulia, sasa ni zamu ya kadi ya picha, maana watu wanalaumu Wi-Fi kwa kosa la GPU. Namna ya kutofautisha ni hiyo hiyo overlay. Networking ikiwa 5 na mstari wa Game (muda wa laptopu kutengeneza picha) ndio umepanda, usiguse ruta.

Laptopu ina GPU mbili, ya prosesa na ya NVIDIA. Nenda Settings, System, Display, Graphics, ongeza VirtualDesktop.Streamer.exe na gemu yenyewe, vyote viwe High performance. Chaja iwe imechomekwa. Ikitegemea betri, 3060 inabanwa umeme na inageuka kadi nyingine kabisa. Iinue nyuma ipate hewa, joto la Dar unalijua.

Ndani ya Virtual Desktop: VR Graphics Quality weka Medium. Kwa GB 6 usijaribu Ultra wala Godlike. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu inaanza kukopa RAM na fremu zinaanguka vibaya. VR Frame Rate anza na 72. Kwa 72 kadi ina ms 13.9 kwa kila fremu, kwa 90 ina ms 11.1 tu. Codec (namna ya kubana picha) weka HEVC 10-bit, bitrate 120, ukiona Networking imetulia panda 150. AV1 usiipoteze muda: Quest 3 inaisoma, ila kuiandika kunataka RTX 40 kwenda mbele, kadi yako haiwezi.

SteamVR, programu ya Steam inayoendesha gemu za VR, nayo ina tabia ya kupandisha resolution yenyewe. Nenda Video, toa Auto, weka Custom 100%. Virtual Desktop imeshapanga ukubwa wa picha, ukizidisha tena hapo unalipa mara mbili. Alyx iache texture za kati. Assetto Corsa punguza vioo na idadi ya magari kwanza, ndivyo vinavyokula.

Jumla ya ucheleweshaji ikikaa ms 40 hadi 50 uko vizuri, Alyx huwezi kuhisi. Kwa Beat Saber kwenye ngazi za juu utahisi kidogo, hilo halikwepeki kwa mfumo huu.

Kama hutaki kulipia programu, Steam Link ipo bure kwenye duka la Meta tangu mwishoni mwa 2023, inaenda moja kwa moja SteamVR. Nyepesi kuianza, ila vipimo vyake havikuambii tatizo liko wapi kama hii uliyonayo. Kwa kuwa umeshanunua, baki hapo.

---

GobaGemu

LAN1 ilikuwa bado 100/100. Nimehesabu nyaya: ziko nane, ila ya kahawia imeishia katikati, haikufika kwenye shaba. Nimebadilisha waya, sasa 1000/1000. Networking 6, jumla 44, bitrate 150, picha haivunjiki tena hata nikizunguka. Ruta ya pili nitaichukua mwisho wa mwezi.

Limebaki moja. Usiku nikiwasha taa ya sebuleni mikono inatetemeka kwenye gemu, mchana haifanyi hivyo. Hiyo nayo ni mtandao?

---

KadiNaJoto

Hapana, hizo ni kamera za miwani. Taa nyingi zinawaka na kuzima kwa kufuata umeme wa gridi, na macho hayaoni. Kwenye Quest nenda Settings, kwenye Tracking, tafuta Tracking Frequency, toa Auto uweke 50 Hz. Umeme wetu ni 50 Hz. Auto mara nyingine inakisia 60, ya Marekani. Kama bado, badili balbu: zile za LED za bei rahisi kabisa zina mweko mkubwa zaidi.

Na mchana huo unaosema ni mzuri, funga pazia. Jua likiingia kwenye lenzi kwa dakika chache tu linachoma skrini, na doa lake halitoki. Ukiivua, ilaze lenzi zikitazama chini au ivalishe kifuniko.

---

WayaNane

Ule waya wa zamani ukate ncha zote mbili kabla hujautupa. Ukibaki droo moja na mwingine, mwakani utauchomeka tena.