Kupunguza uzito kwa kupunguza chakula tu, inatosha kweli?

Dereva_Sakina

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya watu waliopitia jambo hili wenyewe. Wauzaji wa majani ya kukondesha naomba mnisamehe.

Mimi ni dereva wa magari ya watalii, naishi Sakina, Arusha. Nina kilo 104, urefu sentimita 172. Kazi yangu ni kukaa. Natoka alfajiri, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, napandisha Ngorongoro, nateremkia Serengeti, na muda wote huo niko kwenye usukani. Mchana tunakula chakula cha boksi: paja la kuku, yai, keki, juisi, ndizi. Jioni tukifika hotelini, madereva tunapikiwa wali na nyama na kila mtu anajipakulia.

Mwaka huu mimi na mke wangu tumeamua kupunguza mambo. Tumehama nyumba kubwa tuliyokuwa tumepanga, tumeuza gari la pili, tumejitoa kwenye vikundi vya michango ambavyo hata wanachama wenzetu hatukuwa tukiwajua vizuri. Vyombo vilivyojaa kabatini tumegawa. Tunalala vizuri kuliko zamani. Sasa nataka na chakula kiingie kwenye mpango huo huo: nile pungufu ya nilivyozoea, basi. Sitaki jimu ya kulipia kila mwezi, sitaki unga wa kukoroga, sitaki mke wangu apike sufuria mbili, yangu na ya watoto.

Je, inatosha? Na njaa ya usiku mnaifanyaje? Wenzangu kazini wananiambia nitapata vidonda vya tumbo. Halafu huku kwetu mtu akipungua tu, wanaanza kunong'ona kwamba anaumwa.

Kijana_wa_Njiro

Mkuu, bila mazoezi utapoteza muda. Amka saa kumi na moja, kimbia. Chakula kitajirekebisha chenyewe.

MamaLishe_Mbuyuni

Kaka yangu wa Sakina, pole na safari. Mimi napika chakula cha kuuza hapa Moshi, upande wa soko la Mbuyuni. Nilikuwa na kilo 93, sasa niko kwenye 74, na sikununua kitu chochote cha kupunguzia. Kwa hiyo nakujibu swali la kwanza bila kuzunguka: inatosha.

Kijana wa Njiro, mazoezi ni mema, moyo unayataka, mifupa inayataka, na mimi mwenyewe natembea. Ila mtu wa kilo 104 akitembea haraka saa nzima anaunguza kama kalori 350. Chapati mbili za mafuta zinazirudisha zote, pengine na ziada. Dereva anayeshinda kwenye gari kutoka alfajiri hadi jua kuzama, hiyo saa nzima ataipata wapi kila siku? Sahani yake anakutana nayo popote alipo, hata Serengeti. Aanzie hapo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Ukila pungufu kwa 500 kila siku, kwa wiki unashuka karibu nusu kilo. Wiki ya kwanza mzani unaweza kushuka sana, mengi ya hayo ni maji, usishangilie. Baadaye utapungua polepole zaidi, kwa sababu mwili mdogo unatumia nguvu kidogo. Hapo ndipo wengi wanaacha wakidhani imeshindikana, kumbe inaendelea.

Sasa hizo 500 ziko wapi? Watu wakija kibandani wakitaka kupungua wananiambia, "Mama, punguzia ugali." Mimi nasimama jikoni, nakwambia ugali si wa kwanza. Wa kwanza ni mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula ni kalori 120, na anayekaangia vitunguu kwa kumimina kutoka kwenye dumu hajui amemimina vijiko vingapi. Siku hizi napima kwa kijiko. Maharage nayachemsha yaive, naunga kwa nyanya nyingi na mafuta kidogo, na hakuna mteja aliyelalamika. Wa pili ni chai. Vijiko vidogo vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 60 za sukari, kalori 240. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri kwamba sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Kwa hiyo chai peke yake imeshapita, kabla ya soda na hiyo juisi ya boksi. Shuka kijiko kimoja kwanza, ulimi ukizoea shuka kingine.

Umesema mnapunguza mambo nyumbani, na hapo ndipo nilipofurahi kusoma. Mimi jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuondoa hotpoti mezani. Chakula kikikaa mezani kwenye hotpoti, mnapiga hadithi na mkono unaongeza wenyewe, wala si kwa njaa. Shibe inachelewa, inataka kama dakika 20 mpaka ujue umeshiba. Sasa napakua jikoni, sahani moja kila mtu, nafunika sufuria, tunakaa. Anayetaka zaidi anainuka kwenda kupakua. Watoto wanainuka, wanakua hao, waache. Mimi siinuki. Sufuria ni moja, chakula ni kile kile, mkeo hatapata kazi ya ziada. Tena kazi inapungua: chakula cha jioni kwetu ni kitu kimoja na mboga moja, hakuna tena wali na ugali na ndizi siku moja kana kwamba kuna ugeni.

Njaa ya usiku ni ya kweli, ukiipuuza itakushinda. Usipunguze kila kitu kwa kipimo kimoja. Ugali uwe saizi ya ngumi, lakini mnafu au mchicha ujae nusu ya sahani, na maharage, yai au samaki visikosekane, maana hivyo vinakaa tumboni. Makande ya jioni yananishikilia mpaka asubuhi kuliko wali. Parachichi ni zuri, kula, lakini lina mafuta mengi, robo au nusu yatosha, usile mawili kwa sababu umesikia ni tunda. Na kwa sisi wapishi, kuonja. Naonja kwa kudondoshea mchuzi kiganjani, tone tu. Anayeonja kwa upawa anakula mlo mzima kabla hajakaa mezani.

Kuhusu maneno ya watu, hilo lilinigusa mimi zaidi ya njaa. Huku kwetu mwanamke mnene ni ushahidi kwamba mumewe anamtunza. Nilipopungua, majirani walimuuliza mume wangu kuna nini nyumbani. Wengine waliniangalia kwa macho ya huruma, na wewe unajua wanawaza ugonjwa gani. Sikuficha. Niliwajibu kwa sauti ya kawaida: nimepunguza chakula, presha yangu imeshuka, namshukuru Mungu. Ukilisema wazi tangu mwanzo, mnong'ono unakosa pa kuanzia. Na mwambie mkeo alijue jibu hilo, maana yeye ndiye atakayeulizwa.

Nesi_wa_Zamu

Mama kaeleza vizuri, naongeza machache ya upande wangu.

Kaka, kwa kilo na urefu wako, uwiano wako wa uzito na urefu (BMI) ni kama 35, na unene wa kupindukia unahesabiwa kuanzia 30. Kabla ya kuanza, nenda kituo cha afya kilicho karibu upime presha na sukari. Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi, usipunguze chakula kabla ya kuzungumza na daktari wako, kwa sababu dozi iliyopangwa kwa chakula kingi inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Kutetemeka, jasho la ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa: dereva hatakiwi kukutwa na hayo barabarani. Wajawazito na wanaonyonyesha wanaosoma hapa, mpango huu si wenu kwa sasa.

Vidonda vya tumbo: hofu hii naisikia kila wiki. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na vingine na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinazomezwa ovyo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kazi yao juu ya bakteria huyo. Kupunguza sahani hakuleti vidonda. Ila kama tumbo linakuuma tayari, pima, usikisie.

Na anayepungua bila kujaribu, hasa akiwa na kikohozi au jasho la usiku, asifurahie. Aje tumpime.

Dereva_Sakina

Asanteni sana, nimesoma mara mbili na mke wangu. Sukari nilipima mwaka huu iko sawa, presha nitapima wiki hii. Hotpoti tumeiweka juu ya kabati tayari.

Mama, nina mawili yamebaki. Boksi la mchana nalifanyaje? Na mama mkwe wangu yuko Marangu. Nikienda anachinja kuku, anapika machalari (ndizi na nyama), mtori (supu nzito ya ndizi), na mbege, ile pombe ya ndizi, ipo, na kukataa chakula chake siwezi hata kufikiria.

MamaLishe_Mbuyuni

Boksi: kula kuku, yai na ndizi. Keki na juisi mpe kijana wa getini au uache kwenye boksi, na maji ubebe yako. Jioni hotelini pakua mara moja, ukae mbali na meza ya chakula.

Kwa mama mkwe usikatae kitu. Na neno dayati usilitamke, atadhani chakula chake hakifai. Siku hiyo asubuhi kunywa chai kavu ufike ukiwa na njaa ya kweli, ule mbele yake kwa furaha. Omba mtori kwenye bakuli dogo kwanza, unajaza tumbo vizuri. Machalari chukua sahani moja, ule polepole mkiongea. Mbege ina nguvu ya ndizi na ulezi, ni chakula kile, kata moja inatosha, na hasa wewe unayeendesha kurudi. Akitaka kukuongeza, mwambie, "Mama, naomba unifungie hii niwapelekee watoto." Hatakasirika. Atakufungia na nyingine juu yake, na mkeo hatapika kesho.

Ukirudi safari ya kwanza tuambie kule hotelini imekuwaje, kuna madereva wengi wanasoma hapa.