Unasihi au saikolojia tiba: nisome wapi uzamili?

BintiWete: Assalaam alaykum. Nina shahada ya kwanza ya saikolojia, nafundisha skuli huku Pemba. Kila wiki mtoto mmoja au wawili hunifuata baada ya vipindi. Nakaa nao, nawasikiliza, na kuna pahala naona wazi ujuzi wangu unakoma. Nafikiria uzamili (MSc) wa saikolojia tiba MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar, au chuo kikuu cha USIU, Nairobi, ambako unasihi na saikolojia tiba ni masomo mawili mbali mbali, au Marekani. Mwenye kujua anieleze.

Kipanga: Dada, anza na mtu unayetaka kukaa naye. Mnasihi hukaa na mfiwa, na wanandoa waliogombana, na mwanafunzi aliyeshikwa na hofu. Saikolojia tiba itakupeleka wodini: anayesikia sauti, aliyetaka kujiua, vipimo vya kumbukumbu, ripoti ya kumpa daktari. Huku kwetu dawa haandiki yeyote kati yao, hiyo kazi ya daktari wa magonjwa ya akili. Kwa uliyoyaeleza, wewe ni wa unasihi.

MamaNuru: Hapo sikubali, Kipanga. Nimeuguza wagonjwa wa akili miaka mingi. Watoto hao wa skuli ndio tunaowapokea wakishakuwa vijana, wameshazungushwa kwa waganga, wameshanyweshwa kombe, na ugonjwa umeshaota mizizi. Mtoto akisema "nina mawazo", huenda ni huzuni itakayopita, huenda ni mwanzo wa maradhi makubwa. Asiyefunzwa kupambanua atamwambia mgonjwa avumilie. Mimi nasema Muhimbili. Na lugha je? Mgonjwa wetu hasemi "nina sonona". Anasema moyo unamwenda mbio, kichwa kinamwaka moto. Dar utamhoji kwa Kiswahili, na msimamizi wako atasikia kila neno.

Ngambo79: Nairobi nako Kiswahili kipo, Mama. Na Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hiyo anayetaka kubaki huko aulizie usajili mapema. Ila USIU ni chuo binafsi, piga hesabu ya ada na ya kodi ya nyumba.

Mtoro_wa_Baridi: Niko Marekani, mwaka wa pili wa unasihi. Programu zenye ithibati ya CACREP, chombo kinachokagua mafunzo ya unasihi huku, zinadai saa 100 za mazoezi ya mwanzo, kisha 600 za mafunzo kazini, na 240 kati ya hizo lazima uwe umekaa na wateja. Saikolojia tiba huku ni uzamivu, miaka mitano au zaidi, mwaka mmoja mzima ukiwa wa mafunzo kazini. PhD nyingi hukusamehe ada na kukupa posho. PsyD, uzamivu wa aina ya pili, huegemea tiba kuliko utafiti, na aghalabu mwanafunzi hujilipia. Leseni hutolewa na jimbo, si na nchi. Mama kasema kweli kuhusu lugha. Mteja wangu wa kwanza alilia, na maneno yote ya kumliwaza yalinijia kwa Kiswahili. Nilinyamaza tu.

BintiWete: Nimesoma yote mara mbili. Mama Nuru, mwaka jana kuna mtoto nilimwambia avumilie. Baadaye aliacha skuli, na mpaka leo sijui alikuwa na nini. Nikija Unguja likizo hii, naweza kukuona?

MamaNuru: Njoo mwanangu. Na kabla hujaja, nenda kwao huyo mtoto.

BintiWete: Nakwenda kesho baada ya laasiri.