Mbunge mchapakazi ni yupi: wa basari au wa mswada?

Mwenye mada, Kakamega

Mulembe wote. Naweka hili mezani mapema kwa sababu uchaguzi wa 2027 unakuja na wapiga debe wameshaanza kuzunguka. Huku kwetu ukiuliza mbunge fulani amefanya nini, unajibiwa kwa mabati: madarasa mangapi, vyoo vingapi, basi la shule lenye jina lake ubavuni kana kwamba alilinunua kwa mshahara wake. Alivyopiga kura Bungeni, hakuna anayejua wala anayeuliza.

Dai langu, na mnipinge mkitaka: mbunge tunayemsifu kwa basari, yaani msaada wa karo, anatugharimu kuliko anachotupa.

Katiba, Kifungu cha 95, inalipa Bunge la Kitaifa kazi ya kuwakilisha wananchi, kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa na kuisimamia serikali. Kujenga madarasa hakumo. Hayo yaliletwa na CDF, hazina ya maendeleo ya maeneobunge, mwaka 2003. Leo inaitwa NG-CDF na hutengewa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na tangu ianze mbunge amegeuka mweka hazina wa kijiji.

Tuangalie basari yenyewe, inayotoka kwenye hazina hiyo. Karo rasmi ya shule ya kitaifa ya bweni ni Sh53,554 kwa mwaka. Hundi ikitoka ni elfu tatu, elfu nne, ukiwa na bahati elfu kumi. Wakati huohuo serikali imeahidi Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kila mwaka, na Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi, ambaye naye alikuwa mbunge wa huku ziwani kwa miaka mingi, aliiambia kamati ya elimu ya Bunge kwamba serikali haiwezi kuzimudu zote. Pengo hilo mwalimu mkuu atalizibaje? Atabuni ada ya maji, ada ya mitihani, ada ya nini sijui, na asiyelipa anarudishwa nyumbani. Na bajeti yenye pengo hupitishwa na nani? Na haohao. Wanapitisha bajeti pungufu Nairobi, kisha Jumamosi wanatugawia elfu nne na tunawapigia makofi.

Mama wa wanafunzi wawili, Bukembe

Wewe ndugu unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuona mtoto akirudi na sanduku Jumatano asubuhi.

Fomu ya basari ninaijua. Unatoa nakala ya kitambulisho, ya barua ya shule, ya cheti cha kifo cha baba kama yupo kaburini. Unapanga foleni kwa chifu, muhuri haupo, unaambiwa urudi Ijumaa. Baadaye orodha inabandikwa ukutani kwenye ofisi ya eneobunge, tunasukumana huku kila mtu akitafuta jina kwa kidole. Mwaka jana nilipata elfu nne. Mwalimu mkuu alikubali mtoto arudi, deni lingine nikalipa kidogo kidogo na mahindi. Elfu nne ndiyo iliyomrudisha darasani. Hicho Kifungu cha 95 hakijanirudishia mtoto.

Mwenye mada

Mama, sikukatalii hata neno moja, na pesa hizo ni haki yako. Ninachouliza ni kwa nini zipitie kwa mtu anayetaka kura yako. Afisa wa elimu angekubandikia orodha ileile na usingedaiwa shukrani na mtu.

Mama wa wanafunzi wawili, Bukembe

Afisa wa elimu simjui na yeye hanijui. Mbunge angalau akiniangusha nina kura.

Mkulima wa miwa, Navakholo

Nimesoma yote, na naona hakuna aliyetaja kazi ya Bunge inayotugusa moja kwa moja. Mbunge wetu, Emmanuel Wangwe, ndiye aliyewasilisha Mswada wa Sukari wa 2022. Ulizunguka miaka miwili, Rais akautia saini Novemba 2024. Umerudisha Bodi ya Sukari na ushuru wa asilimia 4 unaotozwa sukari ya hapa na ya kutoka nje, ili pesa hizo ziende kwa utafiti, ukuzaji wa miwa, barabara za mashambani na kukarabati viwanda. Hiyo ni sheria moja, na inamfikia hata mkulima wa Muhoroni ambaye hatawahi kupiga kura Navakholo. Basari gani inaweza kufanya hivyo?

Sasa nigeuke upande wa pili, maana mimi si mpambe wa mtu. Miwa ikikatwa na trela lisije, inalala shambani jua likiipiga. Siku tatu, nne, inapoteza uzito, nasi hulipwa kwa tani. Unafika mizani na miwa iliyokauka, unapewa karatasi, halafu unasubiri malipo mpaka unasahau ulikuwa umeipangia nini pesa. Sheria imesainiwa, mimi bado nasubiri trela. Mei 2025 serikali ikakodisha viwanda vya sukari vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony kwa wawekezaji kwa miaka 30. Miaka 30! Mimi sitakuwepo. Nilitaka kusikia wabunge wetu wote wa ukanda wa miwa wakibana mawaziri kwa maswali: wafanyakazi waliodai mishahara watalipwa na nani, mashamba ya mbegu yanabaki kwa nani, mkulima anayedai ataenda mlango upi. Niliwasikia zaidi matangani kuliko kwenye kamati.

Kwa hiyo hata mswada peke yake hautoshi. Ukishapita, lazima mtu aufuatilie, na huko hakuna kamera.

Wa bodaboda, Kaptembwo, Nakuru

Huku Nakuru tulijifunza kusoma kura 25 Juni 2024. Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Jioni hiyo kila simu ilikuwa na orodha ya majina. Waliosema ndiyo wakaja na utetezi wao: ukiwa karibu na serikali unaletea watu wako lami. Kesho yake Rais mwenyewe akakataa kuutia saini, wakaachwa kwenye mataa. Na lami? Njooni muione stejini kwetu mvua ikinyesha.

Mwalimu mstaafu, Vihiga

Wengine mmesahau historia fupi tu. Mahakama Kuu ilisema 20 Septemba 2024 kwamba Sheria ya NG-CDF ya 2015 inakiuka Katiba, ikaupa mpango huo hadi 30 Juni 2026, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Kabla ya hapo, Agosti 2022, Mahakama ya Juu ilikuwa imeshaitupa ile sheria ya 2013. Hoja kubwa ni kwamba anayetunga sheria na kuisimamia serikali hawezi yeye mwenyewe kuwa mtekelezaji wa miradi. Atajikagua vipi?

Wabunge walijibuje? Mswada wa kubadilisha Katiba ili hazina hiyo ikae humo daima. Uliletwa na Otiende Amollo wa Rarieda na Samuel Chepkonga wa Ainabkoi, na 1 Julai 2025 Bunge la Kitaifa likaupitisha kwa zaidi ya thuluthi mbili. Siku hiyo serikali na upinzani walikuwa ndugu wa tumbo moja. Natamani ningeona umoja huo siku ya kujadili zile Sh22,244.

Lakini mwenye mada nawe usikimbie mbali. Mimi nimefundisha huku Hamisi. Paa la shule ya msingi likiezuliwa na upepo, kaunti itakuambia shule za msingi si kazi yake, na kwa sheria ni kweli, kaunti ina chekechea. Wizara iko Nairobi. Aliyekuja na mabati wiki ileile ni CDF, kupitia fungu la dharura. Ukiifuta kesho bila kuweka kitu mahali pake, watoto watasomea chini ya mti. Mimi ningeiacha hazina na kuuondoa mkono wa mbunge. Kamati ichaguliwe na wananchi kwenye mikutano ya wodi, jina la mheshimiwa lifutwe kwenye ubavu wa basi. Tuone kama bado ataipigania.

Mwenye mada

Mwalimu, hapo umenisogeza. Nakubali hazina ibaki, mradi orodha ya kamati isitoke mfukoni mwake.

Ila visingizio vya kwamba hana nafasi ya kufanya yote mawili sivikubali. Bunge la Kitaifa hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Matanga yetu ni Ijumaa na Jumamosi, na huko hakosi kamwe. Anafika na magari manne jeneza likiwa tayari kuteremshwa, anachukua kipaza sauti, na wafiwa wanasimama juani wakisikiliza siasa za gavana. Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala, iko kwenye tovuti ya Bunge, bure. Mzalendo, shirika linalofuatilia kazi ya Bunge, nao hutoa kila mwaka hesabu ya nani amezungumza mara ngapi, ingawa hesabu hiyo isomwe kwa makini: kuna wanaosimama kumpongeza Spika tu na kuhesabiwa wamechangia.

Kwa mkulima wa Navakholo: Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Malipo ya miwa yanaingia humo. Linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, linapelekwa kwa Karani wa Bunge au kupitia kwa mbunge. Nikianza kuliandika, nani atanipa nakala za karatasi za mizani?

Mkulima wa miwa, Navakholo

Ninazo za miaka mitatu, mfuko mzima. Lakini usipitishie kwa mbunge. Peleka kwa Karani, halafu tuone yeye atalisikia lini.

Mama wa wanafunzi wawili, Bukembe

Lile la Sh22,244 liandikiwe ombi lake pia, msilichanganye na miwa. Sahihi za wazazi nitazitafuta mimi kwenye foleni ya chifu, maana watu wote wako hapo.